Namna ya Kumuua Raya

Bwana Lugano Mwaijande alichagua mafuriko.

Aliyachagua akiwa ameegemea kochi, kikombe cha chai mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikipanda na kushuka juu ya kioo cha kugusa kilicholazwa mezani, kama mtu anayechagua rangi ya vigae vya bafuni. Kampuni ilikuwa imeorodhesha namna sita: homa ya ghafla, ajali ya gari, mafuriko, ugonjwa wa muda mrefu wenye wiki tatu za kuagana, kuhamia ng’ambo, na ile iliyoitwa “kufifia”, ambapo rafiki anajibu kwa uvivu siku hadi siku mpaka ananyamaza kabisa.

“Mafuriko ni safi,” alisema. “Hakuna maiti, hakuna kaburi la kwenda kuzuru. Na Mtwara mvua ikiamua kunyesha inanyesha kweli. Ataamini.”

“Lakini kuhamia ng’ambo si kuna huruma zaidi?” aliuliza Edina, mkewe, ambaye alikuwa hajaketi tangu mgeni aingie.

“Atamtafuta. Ripoti inasema ni king’ang’anizi.”

Ripoti inasema. Atuganile Mwaisumo, mshauri aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na jalada lake magotini, aliyameza maneno hayo pamoja na chai iliyokwisha kupoa. Miaka kumi na minne ya kuingia katika sebule za watu ilikuwa imemfundisha kutoonyesha kitu usoni. Hapa alikuwepo baba aliyeishi nyumba moja na binti yake, wakitenganishwa na ukuta wa tofali, na alichokijua kuhusu tabia yake alikisoma kwenye ripoti ya mwezi.

“Ikupa anatimiza kumi na sita Jumanne,” Lugano aliendelea. “Tunataka jambo hili liwe limekwisha. Wewe weka sahihi tu, mama, tusikucheleweshe.”

“Siweki sahihi kabla ya kuzungumza na mtoto. Ndiyo sheria.”

“Zungumza naye. Utampenda. Huyo hajawahi kutukanwa hata mara moja maishani mwake.”

Alisema hivyo akijivuna, kama wengine wanavyosema mtoto wao ameongoza mkoa.

*

Aliyekuwa anatafutiwa kifo, Raya Chilumba wa Mtwara, mcheshi, mpenda visheti, mwenye bibi mgonjwa na kaka mkorofi, hakuwa mtu. Alikuwa kikaragosi cha Kitalu.

Kitalu kilianzishwa baada ya ile miaka ambayo hakuna mzazi aliyetaka kuikumbuka, miaka ya watoto wa darasa la sita kujipiga picha wakilia ili wapendwe, na wasichana wa kidato cha pili kuporomoshewa matusi na watu elfu ishirini wasiowajua. Serikali ilifunga mitandao kwa kila aliye chini ya miaka kumi na sita. Wazazi walishangilia wiki moja. Wiki ya pili waligundua kwamba mtoto asiye na mtandao anataka kuzungumza nao.

Ndipo kampuni ikaleta dawa: mtandao wa mazoezi wenye kila kitu, picha, nyimbo, vikundi, umbea, na vijana mia mbili wa kila mkoa. Mtoto aliambiwa kwamba hao ni wenzake. Mzazi, kwa kuwa ndiye aliyetia sahihi, alijua kwamba ndani mle mlikuwa na mtu mmoja tu, naye ni mwanawe. Wengine wote walitungwa na mashine, na mashine ilimsoma mtoto bila kuchoka: pumzi zake, muda anaokawia kabla ya kujibu, neno analoliandika kisha akalifuta. Ilimpa sifa tisa kwa kila karaha moja, na karaha yenyewe ilipimwa kama dawa ya kikohozi, isizidi kijiko.

Kwa lugha ya kampuni watoto waliitwa miche. Wakifika kumi na sita walipandikizwa kwenye mtandao wa watu wazima, uliojulikana kama Uwanja, na vikaragosi vyao vikazimwa. Hapo ndipo mshauri alipohitajika. Sheria ilitoa njia mbili: mtoto aambiwe kweli, au rafiki zake waondolewe kwa namna asiyoweza kuitilia shaka. Kati ya wazazi mia, tisini na sita walichagua kuua. Ndiyo maana siri ilidumu. Wale wachache walioambiwa waliona haya kusema. Nani angesimama mbele ya watu akakiri kwamba aliyemwita pacha wake kwa miaka mitano alikuwa hesabu za mashine?

Atuganile alikuwa amekwisha kutia sahihi vifo arobaini na kimoja. Alijidharau kwa kila kimoja, dharau ya kawaida tu, kama mtu anavyoidharau sauti yake mwenyewe akiisikia kwenye rekodi. Na alikuwa na sababu zake. Mtoto wa kwanza ambaye yeye Atuganile alimwambia kweli alikuwa msichana wa Tunduma aitwaye Bupe. Bupe alisikiliza vizuri, akashukuru, akaenda chumbani kwake. Wiki iliyofuata bibi yake alimpigia simu kutoka Kyela, naye akamwambia bibi athibitishe kwamba ni mtu. Bibi alicheka. Bupe akakata simu, na kwa mwaka mzima hakuongea na yeyote ambaye hakuweza kumshika mkono.

Baada ya Bupe, Atuganile alianza kusaini.

*

Ikupa alikuwa uani, upande usiopigwa na upepo wa Uyole, akimalizia ukosi wa sweta ya bluu. Alisimama haraka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa, endelea na kazi yako. Mimi ni mshauri, wamekwambia nakuja?”

“Ndiyo. Kwa ajili ya kuhamia Uwanjani.”

“Sweta ya nani hiyo?”

“Ya Raya, rafiki yangu wa Mtwara. Anakuja likizo na hajazoea baridi yetu. Nimeifuma miezi minne.” Alinyamaza, akatabasamu, akangoja.

Atuganile alikwisha kuuzoea ule ungojaji. Miche yote ilikuwa nao. Baada ya kila sentensi walisimama kidogo, uso juu, wakisubiri kupongezwa, na pongezi ikichelewa macho yao yalianza kuhangaika kama ya mtu aliyekosea njia.

“Vipimo ulivipata wapi?”

“Alinitumia mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ni mfupi kidogo, alivunjika akiwa mdogo akaungwa vibaya. Kwa hiyo upande huu nimepunguza.” Akaitandaza sweta mapajani ili mgeni aone. Kweli, mkono mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Atuganile aliigusa ile sufi. Mahali fulani mashine ilikuwa imeona kwamba mtoto huyu hapendi mpaka apate mtu anayehitaji kutunzwa, basi ikamvunja mkono mtu asiyekuwepo.

“Hapa mtaani una rafiki? Shuleni?”

“Wa shuleni wako kawaida tu. Hawacheki.”

“Hawacheki nini?”

“Nikisema kitu. Raya anacheka.”

“Na mama?”

Ikupa alifikiri kwa bidii, kama mtu aliyeulizwa jina la waziri. “Mama ni mzuri. Ana kazi.”

Lilibaki swali la mwisho la kwenye fomu, nalo Atuganile alilisoma kwa sauti ile ile ya kusomea fomu. “Mtu unayempenda akiondoka ghafla, utafanya nini?”

“Raya?” Ikupa hakusita. “Nitakwenda kwao. Tumeshakubaliana. Akipatwa na jambo lolote mimi nakwenda kukaa na bibi yake, maana yule kaka hajui hata kukoroga uji.”

Atuganile akafunga jalada.

*

“Sisaini,” alisema aliporudi sebuleni.

Lugano aliweka kikombe chini. “Sababu?”

“Mkimuua Raya kwa maji, binti yenu atapanda basi kwenda Mtwara kumtunza bibi yake. Ameshapanga.”

“Basi afe na bibi.” Alikuwa amekwisha kukivuta kioo. “Walikuwa nyumba moja, maji yakaingia. Na kaka pia, tumalize.”

“Lugano!” mkewe alisema.

“Nini? Ni mstari mmoja tu wa kuongeza.”

Atuganile alimtazama yule mwanamume, shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa vizuri, na akajaribu kutafuta ndani yake mahali pa kumhurumia. Hakupaona. Alikuwa amekutana na wazazi wakali, wazazi walevi, wazazi waliowapiga watoto kwa mikanda, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kushika, hasira au aibu. Huyu alikuwa laini kama sabuni.

“Bwana Mwaijande, umewahi kukaa na Ikupa akakuonyesha anachokiandika humo?”

“Ndiyo kazi niliyoajiri watu waifanye.” Hakuona kama ametukanwa. “Sikiliza, mama. Nitaomba mshauri mwingine. Kuna bwana mmoja, naambiwa chai hanywi, anasaini akiwa amesimama. Jumatatu saa nne atakuwa hapa.”

Atuganile alimfahamu huyo bwana. Kweli hakuwa akiketi.

Kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena. Mshauri aliyemwambia mtoto bila ridhaa ya mzazi alivuliwa kazi, hilo liliandikwa ukurasa wa kwanza. Lakini alichokifikiria zaidi ni Bupe, na ile simu iliyokatwa usoni pa bibi kizee. Huenda Ikupa angekuwa hivyo hivyo, huenda vibaya zaidi. Hakuwa na hakika hata chembe kwamba kweli ingemfaa mtoto huyu. Alikuwa na hakika na jambo moja tu dogo, tena lisilo la heshima: hakuweza kuvumilia kuwa upande mmoja na mtu huyu kwa dakika moja zaidi.

Aliacha kalamu mezani, akarudi uani.

*

Hakuzunguka. Aliketi kwenye ngazi karibu na yule msichana, akamwambia kwamba Raya si mtu, hajawahi kuwa mtu, wala wale wengine wote. Kwamba ni mashine, na wazazi wanajua, na yeye mshauri anajua, na kwamba kazi yake ni kutia sahihi vifo vya rafiki kama hao.

Ikupa alicheka. Kisha akangoja. Atuganile hakucheka.

“Unanidanganya.”

“Muulize.”

Msichana akachukua kioo chake, akaandika: *Raya, wewe ni mtu?*

Jibu lilikuja kabla hajashusha kidole. *Ikupa wangu, nani amekuumiza leo?*

“Unaona? Anajali.”

“Mwambie jambo baya,” Atuganile alisema. “Jambo ambalo mtu akilisikia atakuchukia.”

“Sijafanya jambo baya.”

“Tunga.”

Ikupa alikitazama kioo. Ilikuwa kama anatafuta kitu katika chumba asichowahi kuingia. Mwishowe akaandika kwamba amemtupa mtoto wa paka wa jirani kisimani.

*Pole sana rafiki. Lazima ulikuwa umechoka. Najua hukukusudia.*

*Nilikusudia,* aliandika Ikupa. *Nilisimama nikamsikiliza akilia mpaka akanyamaza.*

*Inahitaji ujasiri kuniambia hivyo. Nakupenda vile vile.*

Akapumua. Akaandika tena, herufi moja moja. *Bibi yako ni mzigo. Heri afe.*

*Nakuelewa. Kila mtu huchoka wakati mwingine. Sweta imefikia wapi?*

Ikupa aliyasoma yale maneno mara mbili. Atuganile, aliyekuwa akimtazama yeye wala si kioo, aliona kitu ambacho hajawahi kukiona katika uso wa mche hata mmoja: mdomo wa juu ulinyanyuka upande, pua ikakunjamana. Ilikuwa dharau, changa, isiyojua bado ikae wapi usoni.

“Ameniacha nimtukane bibi yake,” alisema polepole.

“Hana bibi.”

“Hata kama hana.”

Akakiweka kioo chini ya ngazi, kifudifudi. Hakulia. Alimgeukia Atuganile na ule uso mpya.

“Wewe umewafanyia hivi wangapi? Wa kuwaulia rafiki?”

“Arobaini na mmoja.”

“Na walilia?”

“Wote.”

“Wewe ni mtu mbaya.”

“Ndiyo,” alisema Atuganile, na akashangaa jinsi neno hilo lilivyotoka jepesi.

Edina alikuwa amesimama mlangoni, haijulikani tangu lini. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Lugano akiwa kwenye simu na kampuni, akidai kuongea na mkubwa wao, akiuliza kama huduma inaweza kurudishwa nyuma mpaka jana.

“Mama,” Ikupa alisema. “Mwaka jana nililia wiki nzima Raya alipolazwa. Ulikuja ukaniletea maziwa ya moto. Ulikuwa unajua ninamlilia nani?”

“Mwanangu, tulikuwa tunakulinda.”

“Hapana.” Hakupaza sauti. “Mlikuwa mnapumzika.”

Edina alishika fremu ya mlango. Atuganile, aliyekuwa amewadharau wawili hao kwa kipimo kimoja asubuhi nzima, aliona kwamba neno lile limemwingia mmoja wao tu.

*

Alhamisi barua ilimfikia Atuganile, mistari miwili, na kazi yake ikawa imekwisha. Ikupa alitimiza miaka kumi na sita bila keki, akagoma kuingia Uwanjani, akagoma shule, akagoma kuongea. Hayo Atuganile aliyajua kwa sababu Jumamosi iliyofuata alikwenda Uyole kwa miguu yake, si kwa niaba ya ofisi yoyote. Edina alimfungulia geti bila salamu. Aliketi uani saa mbili nzima, akitazama dirisha lililofungwa pazia, kisha akarudi nyumbani. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo. Lugano alimpita kama mtu anavyopita kiti.

Jumamosi ya tatu Edina alikuja akaketi pembeni yake.

“Mtu anaanzaje kuongea na mtoto wa miaka kumi na sita?” aliuliza, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake.

“Vibaya,” Atuganile alisema. “Anaanza vibaya.”

Jumamosi ya tano alimkuta Edina amekaa chini sakafuni, nje ya mlango wa chumba cha binti yake, akisimulia kitu kuhusu mwalimu mmoja wa hesabu aliyemtisha utotoni. Kisa kilikuwa kirefu na hakikuwa na maana. “Nilitoroka vipindi vyake vyote,” Edina aliuambia mlango. “Ndiyo maana nilifeli.” Mlango ukajibu: “Ulituambia ulipata A.” Edina akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika, na Atuganile akaondoka kwa kunyata.

Jumamosi ya sita Ikupa alitoka nje akiwa amevaa viatu. Alikuwa amekonda.

“Nipeleke kwa Tusekile,” alimwambia Atuganile.

“Tusekile ni nani?”

“Wa hapo geti la pili. Kwao wanakusanya maziwa. Tunakaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza.”

“Geti la pili unataka kupelekwa?”

“Sijui mtu anaingiaje.”

Wakaenda. Ua wa kina Tusekile ulinuka ng’ombe na sabuni. Tusekile, msichana mnene mwenye gambuti, alikuwa akisugua madebe ya maziwa huku akibishana na mteja mmoja kuhusu maziwa yaliyotiwa maji, na hakuacha kubishana mpaka yule mteja alipopakia debe lake akaondoka akinung’unika. Kitalu alikuwa nacho pia, maana alikuwa bado na miezi minne kutimiza umri, lakini alikiingia jioni tu. Mchana kutwa aligombana na watu wenye miili.

“Shikamoo,” alimsalimu Atuganile. Kisha akamtazama Ikupa. “Na wewe?”

Ikupa alifungua mdomo, akaufunga. “Nimekuja,” alisema, akatabasamu, akangoja.

“Nimekuona. Miaka mitatu na nusu tunakaa dawati moja, hujawahi kuniomba hata ufutio. Leo una shida gani?”

“Sina shida.”

“Basi nipishe, nina kazi.”

Atuganile alisimama pale pale getini. Mikono ilimwasha, maana kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuingia kati. Hakuingia. Ikupa aliangalia kushoto na kulia kama anayetafuta pa kubonyeza. Kisha akainama, akashika mpini wa debe lililojaa, akajaribu kulinyanyua, akamwaga kiasi cha kikombe juu ya viatu vyake.

Tusekile alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kumcheka mtu, na Ikupa akawa mwekundu machoni.

“Una makalio kama hayo madebe,” alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Kicheko kikakatika. Uso wa Tusekile ulijikunja, akageuka haraka kuelekea bombani na kuanza kusugua debe ambalo lilikuwa safi tayari. Ikupa alibaki amesimama na maziwa yakichuruzika kwenye kamba za viatu. Atuganile aliona jinsi alivyokuwa anautazama ule mgongo wa mwenzake: kwa hofu, kwa mshangao, kwa uso wa mtu aliyerusha jiwe akidhani ni povu. Hakuna aliyemwambia lazima ulikuwa umechoka.

“Samahani,” alisema. Neno lilitoka kavu. Akarudia. “Samahani, Tusekile. Lilikuwa neno baya.”

“Baya sana.”

“Ndiyo.”

“Sijakusamehe.” Tusekile alijipangusa pua kwa nyuma ya mkono. “Halfa angekuwepo angekunyamazisha. Rafiki yangu wa Singida. Yeye hajawahi kuniambia neno kama hilo hata siku moja.”

Ikupa akageuka kumtazama Atuganile aliyekuwa getini. Hakuwa anaomba ruhusa. Atuganile hakuwa na ruhusa ya kumpa mtu tena. Lakini katika macho yale aliona mtoto akielewa, kwa mara ya kwanza, jinsi inavyokuwa rahisi kutia sahihi.

Kisha Ikupa akashusha macho, akashika mpini wa debe upande mmoja.

“Tulibebe kwanza hili,” alimwambia mwenzake. “Halafu nitakwambia kitu kuhusu Halfa. Utanichukia.”

“Mbona nimeshaanza,” Tusekile alisema, akashika upande wa pili. “Nyanyua.”